Baraza letu la afya Kawajense, kikaango cha Mama Kulwa, na swali la daktari lililonitoa jasho

Wakuu, salamu kwenu wote, wa mjini na wa porini.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Huwa napita kwenye nyuzi za watu, nacheka, naondoka zangu. Leo nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi na sijashona hata pindo moja, nikaona bora nilitoe hili moyoni.

Ninachoeleza nimekiona kwa macho yangu. Majina nimebadilisha, maana wahusika wapo hai na tunasalimiana kila siku. Anayetaka kuita chai, yaani stori ya kutunga, aite, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Niko Mpanda, mtaa mmoja wa Kawajense. Ni fundi cherehani, nina mke na binti mmoja, Ester, yuko chekechea.

Mtaani kwetu tuna baraza la afya. Sio la serikali, sio la chama. Ni majirani tu tulioungana baada ya mvua moja mbaya, kuhara kulipopita nyumba kwa nyumba. Hatulipwi hata senti. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Gaudensia, mwalimu mstaafu, mama wa Kifipa mwenye sauti ya paredi. Yupo pia Mzee Shabani mwenye duka la nafaka. Mimi wananiita mhamasishaji, yaani ndiye nabeba spika.

Kazi zetu ni zile za kawaida. Kukagua vyoo, kuhakikisha visima vimefunikwa, kuuliza kama chandarua kimetundikwa kitandani au kimefunika miche ya mchicha. Mjamzito asiye na wa kumsindikiza kliniki, tunamsindikiza.

Lakini kitu tulichokuwa tunajivunia kuliko vyote ni unga wa lishe.

Mnaofahamu huku mnajua. Chakula kipo. Mahindi yapo, mpunga upo, karanga zipo. Ila mtoto anashibishwa ugali mtupu na maharage ya juzi, tumbo linajaa, urefu hauongezeki. Unakuta mtoto wa darasa la kwanza unadhani ni wa kunyonya. Ndiyo tukaanzisha siku ya uji. Wanachama wanakaanga mahindi, soya na karanga, zinasagwa, Jumamosi watoto wa mtaa mzima wanakusanyika nyumbani kwa Mwalimu wanakunywa uji, na mama zao wanafundishwa kuuandaa.

Mkaangaji mkuu alikuwa Mama Kulwa.

Huyu mama ni Msukuma, alihamia mjini na mumewe kutoka Kasansa. Mumewe anaitwa Masanja. Zamani alikuwa mtu wa ng'ombe, baadaye akauza, akaingia kwenye machimbo ya dhahabu. Wana mapacha, Kulwa na Doto, wa kike wote. Masanja ni mtu poa sana, akipata mtaa unajua, soda zinanyweka.

Mama Kulwa ndiye moyo wa baraza, sisemi kwa kumpamba. Mvua inyeshe, jua liwake, yupo. Na alikuwa na kikaango kimoja kipana cha chuma kizito, mumewe ndiye alikinunua. Soya ikiingia mle inaiva sawasawa, haiungui. Tukawa tunamwambia, mama, hiki kikaango ni mali ya baraza sasa. Anacheka.

Sasa twende kwenye jambo lenyewe.

Doto akaanza kubadilika.

Alikuwa mtoto wa kukimbia. Ukipita kwao yeye ndiye wa kwanza kukudaka miguu, "Shikamoo fundi!" Ghafla akawa mtu wa kulia tu. Usiku halali. Anatoka jasho hata kwenye baridi. Viganja vikawa vyekundu, ngozi inabanduka kama ya mtu aliyeshika maji ya moto. Halafu akaacha kutembea. Ukimsimamisha anakaa chini, mikono inatetemeka.

Kulwa naye alikuwa amepoapoa, ila hakuwa kama mwenzake.

Mtaani yakaanza yale mambo yetu. Huyu anasema mapepo. Yule anasema Masanja amemtoa mtoto kwa ajili ya dhahabu, si mnajua maneno ya machimboni. Kuna jirani alikuja kabisa na namba ya mganga. Sisi wa baraza tukasema hapana, huyu ana minyoo na lishe ni duni.

Wakuu, mnajua tulifanya nini?

Tukamuongezea unga.

Naomba hiyo sentensi muiache ikae hapo hapo.

Hali ilipozidi, nikamwambia Mama Kulwa, twende hospitali, mimi nakusindikiza. Masanja alikuwa machimbo. Mama Kulwa mwenyewe wakati huo alikuwa mjamzito, tumbo limeshatokeza, asingeweza kumbeba Doto peke yake. Nikamweka mtoto mgongoni kwangu, yule mtoto alikuwa mwepesi mpaka nikaogopa.

Tukampata daktari mmoja, dada mdogo mdogo hivi, mpole. Akamwangalia Doto viganja, akambonyeza miguu, akampima presha. Akaangalia kipimo, akapima tena mkono wa pili.

"Presha ya mtoto huyu ni kama ya mtu mzima anayeumwa," akasema.

Mimi hata sikujua mtoto anaweza kuwa na presha.

Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka natoka jasho.

"Mama, nyumbani kwenu kuna mtu anafanya kazi ya dhahabu?"

Mama Kulwa akajibu vizuri tu, "Ndiyo, baba yao yuko machimbo."

"Mekyuri anatumia?"

"Anatumia. Si wanatumia wote?"

Kwa wasiojua, mekyuri ni zebaki, ile dawa inayong'aa kama maji ya fedha. Wachimbaji wanaichanganya na mchanga wa dhahabu, inakamata dhahabu yote inakuwa bonge moja jeupe. Halafu lile bonge linachomwa motoni, zebaki inaondoka na moshi, inabaki dhahabu.

Daktari akaendelea, "Anachomea wapi?"

"Kule kule. Ila siku nyingine anaogopa kuporwa, anakuja kuchomea nyumbani."

"Nyumbani sehemu gani?"

"Jikoni. Nikimaliza kupika, yeye anatumia mkaa wangu."

"Watoto wanakuwa wapi?"

Mama Kulwa akatabasamu. Wallahi alitabasamu, maana alikuwa anakumbuka kitu kizuri cha nyumbani kwake.

"Wanakuwepo. Kulwa ni wa kuzurura. Doto ndiye anapenda kukaa kwenye mapaja ya baba yake, anasubiri lile bonge libadilike rangi liwe njano. Likibadilika anapiga makofi."

Daktari akaweka kalamu mezani.

"Anachomea kwenye chombo gani, mama?"

"Kwenye kikaango."

Hapo mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikaingilia, sikuweza kuvumilia.

"Shemeji, kikaango kipi?"

Akanigeukia, ananishangaa.

"Si kile kile, fundi. Kingine nitakitoa wapi?"



"Lakini nakiosha," akaongeza haraka, naona uso wangu ulikuwa umemtisha. "Nakisugua na mchanga mpaka kinang'aa. Kwani kuna nini?"

Daktari akatuangalia mmoja mmoja. "Kikaango kinafanya kazi gani nyingine?"

Nikamweleza. Soya. Karanga. Mahindi. Jumamosi. Watoto wa mtaa mzima. Nilikuwa naongea na huku namuona Ester wangu akilamba kikombe, anaomba aongezwe.

Yule dada akatuelewesha bila kutukaripia, na nadhani angetukaripia ingekuwa nafuu. Alisema zebaki ikiingia motoni haifi. Inageuka hewa, huioni, haina harufu ya kukushtua. Inaingia kifuani, inaenda kwenye ubongo na figo, na mtoto mdogo inamkamata kuliko mkubwa. Inayobaki inatua ukutani, kwenye udongo wa jikoni, kwenye nguo, na kwenye chombo chenyewe. Ukikipasha tena kile chombo, inapanda tena. Kwa hiyo aliyekuwa kwenye hatari kubwa kwenye siku zetu za kukaanga ni yule aliyekuwa ameinama juu ya kikaango.

Halafu akaangalia tumbo la Mama Kulwa.

Mama Kulwa naye akaliangalia.

Wakuu, nimewahi kuzika. Nimewahi kuona ajali barabara ya Sumbawanga. Lakini kilichofuata kwenye kile chumba sijawahi kukiona sehemu nyingine. Yule mama hakulia. Alimchukua Doto akamkumbatia, kisha kama mtu aliyeshtuka akamtoa kifuani akamweka kwenye kiti, akaanza kujifuta kanga. Anajifuta, anajifuta. Kanga aliyokuwa amevaa ndiyo anayopikia.

Doto akalazwa. Mimi nikatoka pale hata sikumbuki nilipitaje sokoni. Nilifika nyumbani, Ester anacheza na vitambaa vyangu, nikamwambia, "Nyoosha mikono." Akanyoosha. "Iache hivyo hivyo, usitikise." Akadhani ni mchezo, akaanza kucheka. Mke wangu akatoka jikoni, "We baba Ester, vipi?"

Mikono ilikuwa imetulia. Ila sikuridhika. Siku zile nilimnyoosha yule mtoto mikono mpaka akawa akiniona tu ananyoosha mwenyewe.

Baraza tukakutana jioni ile ile stoo kwa Mzee Shabani. Mwalimu Gaudensia aliposikia alikaa kwenye gunia, yule mama wa sauti ya paredi akaongea kwa kunong'ona. "Watoto wale nimewaita mimi."

Mzee Shabani akashauri jambo ambalo hata mimi niliona lina akili. "Tusitangaze kwanza. Tuwapeleke watoto kupimwa kidogo kidogo, kimya kimya. Tukisema leo, baraza limekufa kesho, na huyu binti wa watu watamchoma na nyumba yake."

Tukabishana. Nyie mngesemaje? Mimi nilikuwa upande wake, siwafichi. Nilimuwaza Mama Kulwa.

Mama Kulwa mwenyewe akaja hapo hapo, ametoka wodini, mtoto kamuachia dada yake. Akasikiliza kidogo mlangoni halafu akasema, "Mzee, mimi ndiye nilikaanga. Nitasema mwenyewe."

Masanja alifika kesho yake na vumbi lake la machimbo. Hakuamini hata kidogo.

"Mimi mekyuri nimeshika kwa mikono hii tangu sijaoa," alitufokea pale pale stoo. "Naibinya kwenye kitambaa, naimwaga kiganjani. Mbona sijafa? Haya, angalieni!"

Akanyoosha mkono mbele ya macho yetu.

Ulikuwa unatetemeka.

Sio sana. Kama mkono wa mtu aliyetoka kushusha magunia. Yeye mwenyewe akauona, maana sote tulikuwa tunauangalia. Akasema, "Ni uchovu." Akajaribu kuutuliza na mkono wa pili, na wa pili nao ulikuwa vile vile.

Akaiingiza mikono mfukoni. Halafu akauliza kwa sauti ndogo sana, "Doto yuko wodi gani?"

Mkutano wa mtaa ulifanyika uwanja wa ofisi ya mtaa, mchana. Spika nilibeba mimi kama kawaida, lakini siku ile ilikuwa nzito. Alikuja bwana afya mmoja, akaeleza kuhusu zebaki. Watu wanasikiliza nusunusu, wanadhani ni semina. Ndipo Mama Kulwa akasimama na tumbo lake, akaomba spika.

Akasema yote. Kikaango, mumewe, soya, uji. Hakujitetea. Alisema, "Sikujua. Lakini watoto wenu walikula kwenye mkono wangu, kwa hiyo nimekuja nisimame mbele yenu."

Uwanja ulilipuka.

Kuna mama mmoja, namuita Mama Shija, alipita katikati ya watu mpaka mbele. Hakumfuata Mama Kulwa, alinifuata mimi. "Wewe! Wewe si ndiye ulikuwa unapita na hilo lispika lako, mama leta mtoto, mama leta mtoto? Nilikuwa simleti! Ukanifuata mpaka mlangoni! Kumbe ni sumu?"

Nilisimama kama gogo. Angenipiga ningepokea.

Watu wengine wanamtukana Masanja, wengine wanataka kwenda kuvunja jiko. Mwalimu Gaudensia akaipata tena sauti yake siku ile, akapiga ukelele mmoja mpaka wazee wakakaa chini. Bwana afya akashika spika, akauliza kwa upole kabisa:

"Kabla hamjaenda kuvunja jiko la mtu. Nani mwingine hapa nyumbani kwake kunachomwa dhahabu?"

Kimya.

"Sikamati mtu. Nataka kujua watoto walipo."

Nikaona watu wanaangalia viatu.

Halafu Mama Shija, yule yule aliyekuwa amesimama mbele yangu bado anahema kwa hasira, nikaona uso wake unalegea. Akanyanyua mkono taratibu, kama mwanafunzi asiye na uhakika na jibu.

"Kwetu," akasema. "Mume wangu anachomea chumbani. Jikoni kuna upepo."

Akanyanyua mwingine nyuma. Akanyanyua mzee mmoja ambaye ni mzee wa kanisa. Akanyanyua mwenye genge. Mkono hapa, mkono pale, mpaka mimi nikaacha kuangalia nikashika kichwa. Kwenye nyumba hizo hizo tulizokagua choo! Tulizoinua vyandarua! Tulisimama kwenye majiko yale tukawapongeza kwa kunawa mikono na maji tiririka!

Hapo ndipo nilipochoka kabisa, wakuu. Kikaango kimoja ningeweza kusema ni bahati mbaya. Lakini mtaa mzima ulikuwa unavuta hiyo hewa, na sisi baraza la afya tulikuwa tunapita na spika.

Kilichofuata nakieleza kwa ufupi maana betri inakata.

Watoto wa uji walipelekwa kuonwa, sampuli za mkojo za wale waliotiliwa shaka zikapelekwa mbali, majibu yalichukua muda hadi tukakonda. Ester wangu alikuwa salama. Wengi wa uji walikuwa salama. Waliokutwa na shida walikuwa ni wale wa nyumba zinazochoma, wakiwemo Kulwa na mtoto wa Mama Shija, yule ambaye mama yake alikuwa hamleti mpaka nikamfuata mlangoni. Walianza matibabu kabla hawajafikia hali ya Doto.

Doto alipewa rufaa, akatibiwa, kisha daktari akakataza asirudi kwenye ile nyumba. Akapelekwa kijijini Litapunga, yeye na Kulwa, kwa mama yao mkubwa. Masanja alibomoa jiko mwenyewe, akachimba udongo wa juu kama bwana afya alivyomuelekeza, akakifunga kikaango akamkabidhi. Siku ya kwanza hakuna aliyemsaidia kubomoa. Siku ya pili nikaenda mimi, ya tatu akaja mume wa Mama Shija.

Machimbo hajaacha. Nisiwadanganye, hana kazi nyingine. Ila yeye na wenzake wametengenezewa chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kunasa ule mvuke, wanachomea kule porini, na nguo za kazi zinabaki huko. Kuna wenzake wanamcheka. Kuna nyumba mtaani kwetu mpaka leo nikipita jioni naona mlango wa jikoni umefungwa wakati hakuna chakula kinachopikwa, na najua.

Baraza halikufa, ila liliumwa. Kuna kina mama hawajarudi kwenye uji na siwalaumu. Sasa hivi tukiingia nyumbani kwa mtu, kabla ya choo, kabla ya chandarua, tunauliza: hapa mnachoma? Anayeuliza ni Mama Kulwa. Mtu anaweza kumficha Mwalimu, anaweza kunificha mimi, ila yule mama akikaa mbele yako na kukuambia yaliyompata, unasema.

Doto anatembea. Anakimbia hata. Ila hasira zake sio za mtoto wa umri ule, na kikombe bado anashika kwa mikono miwili.

Na Mama Kulwa alijifungua salama, mtoto wa kike tena. Ananyonya, anacheka, kliniki wanasema tuendelee kumfuatilia, mengine yataonekana akikua. Kila anayempakata, awe mgeni, awe mimi, awe Mzee Shabani, kabla ya kuangalia sura anaangalia vidole.

Mama yake anatuona. Anasubiri tumalize kuangalia.

Nilichojifunza mimi fundi cherehani: tulikuwa tunamtafuta adui kwenye choo na kwenye dimbwi kwa sababu ndiko tulikofundishwa kumtafuta. Hatukuwahi kuwauliza watu mnafanya kazi gani, na kazi hiyo inaingia vipi ndani. Kama una baraza, kikundi, au hata familia tu, anzia hapo. Kila kazi inarudi nyumbani na mtu wake, kwenye nguo, kwenye mikono, kwenye vyombo.

Wale mlioko kanda za dhahabu, na nyie wake wa wachimbaji mnaosoma kimya kimya: kwenu inachomewa wapi? Na kama kuna daktari humu anayejua mtoto aliyeivuta akiwa tumboni anafuatiliwaje akikua, naomba aandike hapa hapa chini. Namsomea Mama Kulwa kila jibu, kwa hiyo andikeni kama mnaongea naye.